Mtani Ndani ya Magwanda ya Meja

Mume wangu alivunjwa taya mbele ya jeneza la mjomba wangu, mchana kweupe, padre akiwa ameshika kitabu cha sala na mimi nimemshika mama yangu mkono asianguke. Aliyemvunja ni askari aliyeletwa kumpigia mjomba saluti ya mwisho. Nalisema hili mwanzoni kabisa kwa sababu nikisimulia msiba ule watu huanza kucheka mapema, wakidhani nawapeleka kwenye kichekesho. Vichekesho vilikuwepo, tena vingi. Lakini mimi nilipoteza kitu pale, na mpaka leo sijakipata.

Kwanza mjomba. Kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo mjomba si jamaa wa kuja Krismasi na kreti ya soda akaondoka. Mjomba ndiye anayekusemea, anayekuchapa, anayekaa mbele posa yako inapoletwa. Wa kwangu alikuwa mwanajeshi, Meja. Kwa asiyejua vyeo vya jeshi, Meja yuko juu ya Kapteni na chini ya Luteni Kanali, katikati kabisa, mtu wa kupokea amri kwa sikio moja na kuzitoa kwa mdomo muda huohuo. Alipata umeja mimi bado mwanafunzi, akastaafu nao. Hakupanda tena na hakuna aliyethubutu kumuuliza kwa nini. Mama yangu, dada yake wa tumbo moja, alimwita Meja. Mke wake alimwita Meja hata akimpelekea maji bafuni. Sisi wapwa tulimwita Mjomba Meja, na tukimwona anakuja tulijipanga mstari bila kuambiwa.

Alikuwa na mkono mwepesi. Sitaki kumpamba kwa kuwa amekufa. Siku moja nilikuwa naye garini tunatoka Dar, tukasimama Mikese kununua mahindi ya kuchoma. Muuza mahindi alikuwa baba wa makamo, mwenye jiko lake na kipepeo cha kupepea makaa, amevaa jaketi la mabakamabaka la jeshi lililotoka kwenye mtumba. Mjomba alishuka taratibu. Akamuuliza amepitia kambi gani. Yule baba akacheka, akadhani anataniwa. Kofi la kwanza lilimwangusha kwenye jiko. Mjomba akamwinua, akamrusha kichurachura kando ya lami huku mabasi yakipita na abiria wakichungulia, kila akisimama kupumua anapigwa teke la mgongo, mpaka damu ya pua ikamtiririkia kifuani. Akamvua lile jaketi akalitupa kwenye buti. Kisha akarudi, akashika mlango wa gari na kuniuliza kama nataka hindi laini au gumu.

Nilimchukia siku ile. Naye ndiye aliyenilipia ufundi cherehani, akaninunulia mashine yangu ya kwanza, akaja kuikagua kama vile anakagua bunduki. Mapenzi yangu kwake yamekaa hivyo, yamechanganyika na hofu, na sijawahi kuyatenganisha.

Sasa mume wangu. Ukoo wake na ukoo wetu ni watani tangu mababu. Sisemi utani wa kabila na kabila, huo wa kurushiana maneno ofisini. Nasema watani wa lukolo, ukoo kwa ukoo, ambao wanakuchimbia kaburi, wanakuosha, wanakufukia, na katikati ya kazi hiyo wana ruhusa ya kukutukana wewe na maiti wako na kula kuku wako. Kumkasirikia mtani ni aibu. Kumpiga hakujawahi kusikika.

Tulikutana sokoni Morogoro mjini. Yeye alikuwa mpiga mnada wa mitumba, anasimama juu ya meza na nguo begani, sauti yake unaisikia kabla hujaliona soko. Nilikuwa nachagua gauni. Akanyamazisha wateja wote, akatangaza kwamba gauni lile limeomba lisiuzwe kwangu, limesema linajua linakopelekwa na linaogopa kupasuka. Nikamuuliza ukoo wake. Aliponitajia nikamwambia, kumbe, nilidhani ni mtu, kumbe ni fisi wa kwenu. Mwaka haukuisha tukaoana. Nyumbani aliniita mchawi wa Matombo, mimi nikamwita maiti. "Maiti, njoo ule." "Mchawi, leo umemchemsha nani?" Majirani wapya walikuja kutuamulia ugomvi, na baada ya wiki wakawa wanapunguza redio ili watusikie vizuri. Ndoa yetu ilikaa mdomoni kwake, na sikuwahi kutaka ikae kwingine.

Mbele ya Mjomba Meja, mume wangu ndiye mtu pekee niliyemwona akimvua cheo na kubaki mzima. Mara ya kwanza nilipompeleka, mjomba alikuwa amekaa barazani na marafiki zake wa jeshini. Mume wangu akapiga saluti kwa mkono wa kushoto, akauliza kwa sauti ya mnada, "Nasikia hapa kuna Meja. Amejaa nini? Mimi naona upepo." Wale marafiki waliganda. Mjomba akasimama, akamsogelea, akamwangalia juu mpaka chini, kisha akaanza kucheka, na alicheka mpaka ikabidi akae. Tangu siku hiyo ilikuwa umejaa, umepungua, leo Meja nusu debe. Mtu aliyemtoa damu muuza mahindi kwa ajili ya jaketi la mtumba alikuwa anamngoja mume wangu kama mtoto anavyongoja sikukuu.

Sukari ilipomshika mjomba na nyama zikamwisha, tulikwenda kumwona. Mume wangu akamwambia, "Ukifa, magwanda yako navaa mimi. Nitawakagua ndugu zako mmoja mmoja." Mjomba alikuwa hawezi kukaa bila mto mgongoni. Akasema, "Vaa. Ila kofia uiweke sawa, usinitie aibu." Mkewe alisikia, mama alisikia, mimi nilisikia.

Alipokufa alirudishwa kijijini kwetu, juu kidogo ya Matombo, kwenye shamba la migomba la bibi yetu. Jeshi likaleta askari wachache wa kupiga risasi za heshima, wakiongozwa na luteni kijana, mnyoofu, buti zimeng'aa hata baada ya ile barabara. Alinisalimia vizuri, "Shikamoo mama, poleni sana." Hakuwa mjinga. Katika nchi hii hakuna asiyejua utani. Watani wakati huo walishaanza kazi yao: mmoja alikuwa amelala ndani ya kaburi akisema hatoki mpaka aletewe supu, wengine wameiba sufuria nzima ya wali. Bibi mmoja wa watani, mkubwa wao, alimfuata luteni akamwomba akamfyatulie ngedere wanaomaliza ndizi zake, kwa kuwa yeye na bunduki yake wamekaa tu. Luteni alicheka, meno yote nje.

Kisha mume wangu akatoka ndani ya nyumba amevaa magwanda ya mjomba.

Yalikuwa yale ya kazini, yaliyopigwa pasi na mke wa marehemu mwenyewe, vyeo vya Meja mabegani. Mume wangu ni mwembamba, suruali ilikuwa imefungwa kwa kamba ya mgomba. Lakini kofia ilikaa sawasawa. Akatembea ule mwendo wa mjomba, mguu wa kulia ukitupwa nje kidogo, na mikono nyuma. Watu waliangua kicheko na kilio pamoja. Akaanza ukaguzi. Kaka yangu aliambiwa kifungo kimelala. Shemeji yetu aliambiwa tumbo lipelekwe mahabusu. Akafika kwa mama yangu, mkwe wake, akasimama wima na kumwambia kwa sauti ya mjomba hasa, "Kidevu juu, dada. Sijafa, nimehamishwa kituo." Mama alicheka huku machozi yanamwingia mdomoni. Ndiyo mara yake ya kwanza kucheka tangu tulipopata taarifa.

Luteni alikuwa ameacha kucheka. Akamtuma askari aje kusema yule mzee avue. Mume wangu akamjibu askari bila kutoka kwenye umeja wake, "Nani anamwamuru Meja? Mwambie luteni wako aje mwenyewe na aanze na saluti." Watu wakapiga vigelegele. Luteni akaja kweli. Nilikuwa karibu, nilimsikia. Alisema polepole, mdomo haufunguki, "Mzee, vua hizo nguo. Sikutanii." Mtu nyuma akapaza sauti kwamba luteni anampa amri Meja, jeshi limepinduka. Simu zilikuwa zimeinuliwa juu kila upande, zinarekodi. Luteni akaziona. Ningekuwa na akili ya kusoma sura yake wakati ule, ningemvua mume wangu mwenyewe, lakini nilikuwa nacheka. Padre akaanza sala, luteni akarudi kwa watu wake.

Jeneza lilikuwa juu ya magogo mawili mdomoni mwa kaburi. Askari walisimama mstari mmoja, bunduki zimeelekezwa juu, wakisubiri padre amalize ili luteni atoe amri. Kukawa kimya, kile kimya cha amina. Na kutoka nyuma ya migomba ikaja sauti ya Mjomba Meja, ileile iliyotupanga mstari utotoni.

"Gwaride! Nyuma, geuka!"

Waligeuka. Hawakufikiri, miili yao ilifikiri kwa niaba yao. Buti zikapiga ardhi mara moja na mstari wote ukalipa mgongo kaburi na padre na luteni wao. Isipokuwa mmoja, aliyekumbuka katikati ya kugeuka akabaki upande, hajui aende wapi. Kicheko kilichotoka pale sijawahi kukisikia tena popote. Wazee walikaa chini. Padre alificha uso kwenye kitabu. Mimi nilijikunja kwa kucheka, na nilipoinua kichwa luteni alikuwa anakimbia.

Ngumi ya kwanza aliipiga luteni mwenyewe. Mume wangu alipepesuka, kofia ikaruka, bado ana tabasamu, maana mtani hapigwi, na mwili wake ulikuwa haujapata habari. Askari wawili wakafika. Mmoja akageuza bunduki na kumpiga kwa kitako, hapa, chini ya sikio. Taya lililia kama muhogo mkavu ukivunjwa gotini. Alianguka, na walipomzunguka nikawa sioni uso wake tena, naona buti tu zikipanda na kushuka. Walimpiga mateke ya mbavu, ya mgongo, ya katikati ya miguu. Mmoja alimkanyaga mkono na kuuzungusha kisigino. Luteni alikuwa anapiga kelele, "Vua! Vua nguo ya jeshi!" huku wanayachana, mkono wa gwanda ukatoka mzima, cheo cha mjomba kikakanyagwa kwenye udongo mbichi wa kaburi lake. Walikuja kuyatetea magwanda yale na ndio walioyafanya matambara.

Watani wakaingia na majembe. Mchimba kaburi mmoja alimpiga askari bega kwa mpini, yule askari akatumbukia kaburini na bunduki yake. Mwingine alipigwa kichwani, akakaa chini akiangalia damu ikijaa kiganja chake. Askari wakaanza kupiga yeyote aliye karibu, wanawake, wazee, walionyosha simu na wasio na simu. Nilimwona kaka yangu anakabwa. Nilimwona yule bibi mtani ananing'inia kwenye mkono wa askari, anauma. Jeneza likasukumwa na mwili wa mtu, likateleza kwenye gogo moja, likainama kichwa chini, na mama yangu akalikumbatia lisitumbukie, akiita, "Meja, Meja," kana kwamba ataamka kuwatuliza.

Nilichukua beleshi. Nilimkuta luteni amenipa mgongo, nikampiga nalo kwa nguvu yangu yote kati ya shingo na sikio. Nililenga kichwa. Nilitaka kumuua, na sipunguzi neno hilo. Alipiga goti, akageuka, akanirudishia kwa kiwiko mdomoni, jino likaingia ulimini. Nilimwinulia beleshi tena ndipo bunduki zikalia.

Zilikuwa risasi baridi, zile za heshima. Lakini nani anajua hilo akiwa amesimama mbele ya mtutu? Watu wote wakaanguka chini, juu ya migomba, juu ya sufuria, mmoja juu ya mwingine. Hizo ndizo risasi alizopigiwa mjomba wangu. Moshi ulipotulia nilitambaa mpaka kwa mume wangu. Alikuwa chali. Uso ulikuwa umehamia upande mmoja, mdomo wazi haufungi, anakoroma kwa damu. Nikamgeuza ubavu isimkabe. Nilimwambia, "Maiti, usinifanye kweli." Macho yake yaliniangalia na ndani yake hakukuwa na mzaha hata kidogo, kulikuwa na woga. Sikuwahi kuuona woga wake kabla ya hapo.

Yule bibi mtani akasimama, kanga imeraruka, damu ya mtu mwingine kidevuni. Hakupiga kelele. Aliwaambia watu wake waweke majembe chini. Wakayaweka, wakavuka njia na kukaa upande wa pili, kwenye migomba. Padre akawafuata kuwasihi. Bibi akamjibu, "Padre, sisi tunazika watu wenye watani. Hawa wa jeshi wamempiga mtani juu ya maiti wao. Wazikane wenyewe."

Na sisi hatuwezi kumfukia wetu. Haiwezekani, mikono inakataa. Mama alikwenda kwa magoti mpaka upande wa pili, ameshika kuku, kuomba. Bibi alimpokea kuku, akamkalisha mama karibu yake, akamfuta uso, lakini jibu halikubadilika: luteni avue kofia, aje achukue jembe kwa mkono wake mbele ya watani, aombe. Padre akalipeleka neno. Luteni alikuwa amejifunga kitambaa shingoni, pale nilipompiga. Akapiga simu kwa wakubwa zake, akasikiliza, akasema ndiyo afande, ndiyo afande. Kisha akawaamuru askari wake waweke bunduki, wachukue makoleo.

Walimshusha wao. Walimfukia wao, haraka, kwa zamu, bila mtu kuimba, bila mtu kutupa udongo kwa mkono. Udongo uliangukia jeneza kwa mabonge. Mjomba wangu alikuwa amechimba mahandaki maisha yake yote, akafukiwa kama handaki. Nililiona hilo nikiwa nimekaa chini ya mgomba, kichwa cha mume wangu mapajani, nikisubiri gari la padre ligeuzwe. Na nitasema ukweli, sikumlilia Meja hata chozi. Nilikuwa naomba huyu apumue.

Barabara ile kutoka Matombo mtu mzima wa afya inamtoa machozi. Kila shimo mume wangu alitoa sauti kooni. Hospitali mjini wakamfunga taya kwa waya, mbavu kwa bandeji, vidole viwili kwa kijiti. Askari walisema kwamba raia alivaa sare na kuingilia gwaride. Kaka zangu walikwenda huku na huku na malalamiko, wakaambiwa watatafutwa, hawakutafutwa. Mimi niliacha kwenda. Nilikuwa na kazi ya kumnywesha uji kwa mrija.

Wakati wote wa waya nilimtania peke yangu. Nilimwambia kaburi lake tayari, tumekosa tu jeneza fupi. Nilimwambia nguo za mnada zinauliza aliko yule kelele. Alinitazama tu. Nilijua anayapanga majibu, anayaweka akiba, na siku waya ukitoka atanimwagia yote nikimbie uchi. Niliingoja siku hiyo kuliko nilivyongoja harusi.

Waya ulitoka. Daktari akamwambia ajaribu kusema. Akafungua mdomo kidogo, ukaenda upande, akasema, "Asante sana, daktari." Akanigeukia. "Asante, mke wangu. Umeteseka." Nikasubiri mkia wa sentensi. Haukuja. Nilidhani anaumwa.

Akarudi sokoni. Alipanda mezani akasema karibuni wateja, kwa adabu, na sauti ikaishia kwa watu wa mbele. Vijana wa meza za jirani wakamfunika. Siku hizi anakunja nguo kwa mwenzake anayeita. Ukoo wetu ulifiwa tena, Kinole, nikasema huko atafunguka, msiba humfungua mtani. Alivaa shati safi. Aliketi kwenye benchi la wanaume, mikono katikati ya magoti, akimpa kila mtu pole kwa zamu yake. Watani wenzake walimvuta waende kuiba kuku. Akasema, "Nendeni tu, nipo." Yule bibi akamzunguka, akamwinamia usoni, kisha akaniuliza mimi, "Huyu mwanaume mstaarabu umemtoa wapi?" Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia mpaka nikatapika.

Juzijuzi luteni alikuja nyumbani. Ilikuwa saa za mchana, niko kwenye mashine. Amevaa kiraia, ana mfuko wa sukari na dumu la mafuta ya kupikia. Si luteni tena, ni Kapteni, alisema, na Mungu akijalia si muda mrefu atakuwa Meja. Shingoni kwake, chini ya sikio, kuna alama. Niliitazama kwa raha. Mume wangu alimletea kiti, akapangusa kwanza.

Yule kijana alizungumza kuhusu mvua, kuhusu barabara. Kisha akakohoa. "Mzee, mama. Yale ya siku ile yamenikaa. Nimeulizia, kumbe hata kabila langu na Waluguru ni watani. Sasa nikasema, hayo mambo tuyachukulie kwamba ulikuwa utani, ukazidi kidogo. Sote tulizidi."

Nilisimama kiti kikaanguka. Nilimuuliza ni utani wa wapi wenye kitako cha bunduki. Nilichana ule mfuko, sukari nikammwagia kichwani na mapajani, nikachukua mkasi wangu wa kukatia nguo, ule mkubwa, na sijui ningefanya nini, ila najua nilikuwa nimeufungua. Alirudi nyuma mpaka ukutani. Hakuinua mkono.

Mume wangu akauchukua mkasi mkononi mwangu, akaufunga, akauweka juu ya mashine. "Mke wangu, huyo ni mgeni." Akampangusa yule kijana sukari mabegani, kwa uangalifu, bega moja na jingine. Akamwambia hakuna neno, yamekwisha, kweli ulikuwa utani. Alimsindikiza mpaka barabarani, akisimama wima kila yule akigeuka kuaga. Nilimsikia akisema karibu tena, afande.

Aliporudi nilimkuta uani. Nilimtukana. Nilimwita fisi, nikamwita maiti asiye na mwenyewe, nikamtukania ukoo wake wote mpaka kwa waliozikwa, matusi yetu ya miaka yote niliyokuwa nayo, kwa sauti ya juu kabisa, nikirudi nyuma kila tusi ili nimwachie nafasi ya kunijibu. Upande wa pili wa ukuta redio ya jirani ilipunguzwa.

Akauangalia ukuta. Kisha akanisogelea, akanishika mkono taratibu, na kusema kwa sauti ya chini, "Polepole, mke wangu. Watu watasikia."